Kuku wa Mshahara: Historia ya Banda la Uani Mafiga

Ukiuliza kwa nini mji wa Morogoro una kuku wengi nyuma ya nyumba zake, jibu utakalopewa karibu kila mara ni lile lile: watu wametoka kijijini wakaja na kijiji chao. Mluguru aliyeshuka kutoka Mgeta au Matombo, Mkaguru wa Gairo, Mpogoro wa Mahenge, wote wanadhaniwa walifika mjini na godoro kichwani na jogoo kwapani. Kwa hiyo lile banda la mbao na wavu lililobanwa kati ya choo na ukuta wa jirani, katika kata kama Mafiga, linahesabiwa kuwa masalia ya maisha ya shamba ambayo mji haujamaliza kuyafuta. Maelezo haya yanawapendeza wapangaji wa miji, maana yanaahidi kwamba mji ukikua kuku wataondoka wenyewe. Yanawapendeza pia wanaoukumbuka ushamba kwa mbali, maana yanawaonesha kwamba asili haipotei. Mimi naona yamekosea mpangilio wa mambo. Banda la uani kama tunavyolijua leo Mafiga limezaliwa mjini, na limezaliwa na jambo la mjini hasa, yaani mshahara. Mshahara ndio uliolijenga, mshahara huo ulipoacha kumfikisha mtu mwisho wa mwezi ukalipanua, na ulipokatika kabisa likabaki mikononi mwa watu ambao hawakuwa wamelianzisha.

Sibishi kwamba kuku ni mkongwe katika nchi hii kuliko mji wowote wa bara. Alifika pwani kwa njia ya Bahari ya Hindi, asili yake ikiwa Asia, na aina ya kuchi, yule mrefu wa shingo anayesimama kama askari, bado ana udugu wa damu na kuku wa kupigana wa Asia ya Mashariki. Misafara iliyopita Ukutu na Uluguru katika karne ya 19 ililishwa na kuku wa vijijini. Msafiri Burton alipopita Zungomero mwaka 1857, na mwenzake Stanley alipofika Simbamwene, mji ulioanzishwa na mtawala Kisabengo, wenye ukuta wake kando ya mto Morogoro, mwaka 1871, chakula cha njiani kilipatikana kwa kubadilishana: nguo na shanga kwa nafaka, mbuzi na kuku. Milima yenyewe ilimfaa mnyama mdogo. Ng'ombe hakuwa na nafasi kwenye miteremko ile, na tambarare za chini zilikuwa na mbung'o, kwa hiyo kaya ya Kiluguru ilitegemea mbuzi na kuku kwa mahari, kwa tambiko na kwa mgeni. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliotoka Bagamoyo na kufungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, walikuja na bustani zao na mifugo yao, nguruwe akiwa mmojawapo. Yote haya ni kweli. Lakini angalia kuku huyo alivyofugwa. Hakulishwa, alijitafutia. Hakujengewa, alilala jikoni au juu ya mti, au chini ya kapu lililofunikwa. Hakuna aliyemhesabia gharama, na ugonjwa wa mdondo ulipopita ukafagia kundi zima, watu waliomba tetea mmoja kwa shangazi wakaanza upya. Ufugaji wa namna hiyo unataka ardhi ya wazi na ukoo wa karibu. Nyumba ya Mafiga ina vyote viwili kwa uchache sana.

Kati ya kijiji hicho na banda la leo kuna zaidi ya miaka 50 ya mji wa kikoloni, na wanaopenda maelezo ya "kijiji kilichohamia mjini" huiruka miaka hiyo. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 ikitokea Dar es Salaam. Mashamba ya mkonge yakaenea, na pamoja nayo kambi za manamba waliokuja kwa mkataba na kulishwa kwa posho ya unga. Mtu wa kambini hakuhesabiwa kuwa mkazi. Alikuwa nguvu ya kazi, na chakula chake kilikuwa kwenye daftari la mwajiri. Mjini nako kulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na afya ya mji ilieleweka kuwa kazi ya kuondoa: kuondoa maji yaliyotuama, kuondoa majani, kuondoa wanyama. Idara ya mifugo ya Waingereza, ambayo maabara yake ilikuwa Mpwapwa, ilikuwa idara ya ng'ombe. Sotoka na ndigana ndizo zilizoiamsha usiku. Kuku alikuja kwa mlango wa nyuma, kwa majogoo wa Rhode Island Red na Light Sussex waliosambazwa ili "kuboresha" kuku wa kienyeji, na mara nyingi walikufa mapema kuliko wale waliotumwa kuwaboresha. Kuku wachache walikuwapo Uswahilini, bila shaka, kama walivyokuwapo Pangani au Tabora. Ila ufugaji kama shughuli, wenye banda, chakula cha kununua na hesabu, haukuwapo, kwa sababu mji haukuwa umempa Mwafrika mshahara wa kuishi na familia wala uani wa kuuita wake.

Jambo hilo lilibadilika baada ya uhuru, na Morogoro lilibadilika kwa kasi kuliko miji mingine ya ukubwa wake. Chuo cha kilimo kilifunguliwa hapo mwaka 1965. Baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, masomo ya tiba ya mifugo yakaanza mwaka 1976, na mwaka 1984 vyote vikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kikibeba jina la waziri mkuu aliyefariki Aprili mwaka huo katika ajali ya gari huko huko mkoani, Dakawa. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikiujaza mji viwanda: ngozi, viatu, turubai, magunia, tumbaku. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuzwa Ulaya. Hakikufika hata sehemu ndogo ya lengo hilo, na kuta zake zisizopitisha hewa zimekuwa mfano wa darasani wa namna ya kutojenga kiwanda. Hata hivyo kilileta watu wa mshahara. Mhadhiri, karani, fundi mitambo, mwalimu, nesi, askari, mhudumu wa maabara, wote walihitaji nyumba, na kata kama Mafiga zikajaa nyumba za vyumba sita na ukumbi katikati, jiko na choo nyuma, na uani uliozungushiwa ukuta au michongoma.

Kuku wa kisasa aliwafuata hao. Katika miaka ya 1970 serikali iliunda Kampuni ya Taifa ya Kuku, NAPOCO, iliyotarajiwa kuzalisha vifaranga na mayai kwa miji, na watu wakaanza kuzoea maneno mapya: layasi, broila, gumboro, bruda. Kwa kipimo cha yule kuku wa Uluguru, huyu alikuwa mnyama mwingine kabisa. Kifaranga wa mayai hula miezi mitano bila kurudisha hata senti. Tangu siku ya kwanza hadi yai la kwanza, kwenye wiki ya 20 hivi, kila mmoja anamaliza kilo 7 hadi 8 za chakula, na akishaanza kutaga anahitaji zaidi ya gramu 100 kila siku. Zidisha kwa kuku 100, kundi dogo kabisa la mradi, na utapata karibu kilo 800 za pumba, mashudu, dagaa na chokaa zilizonunuliwa kabla trei ya kwanza haijauzwa. Ongeza mkaa wa kuwapasha joto vifaranga usiku, maranda ya sakafuni, chanjo, wavu na taa ya chemli. Ni nani mjini aliyeweza kungoja miezi mitano akitoa tu? Mchuuzi wa sokoni hakuweza, wala kibarua wa kutwa. Aliyeweza ni mtu mwenye hakika ya bahasha kila mwisho wa mwezi, hata kama bahasha yenyewe ilikuwa nyembamba. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Gharama za banda zenyewe zinatuonesha ni nani aliyelianzisha.

Na bahasha ilikuwa inakonda. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliubana uchumi kiasi kwamba kufikia katikati ya miaka ya 1980 thamani halisi ya kima cha chini cha mshahara ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na miaka kumi nyuma. Sukari, sabuni na unga vilipatikana kwa foleni. Ndipo neno "mradi" lilipopata maana yake ya mtaani. Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, ameonesha jinsi watumishi wa umma walivyoishi kwa miradi hiyo, kuku wakiwa miongoni mwake, na jinsi ilivyoisukuma dola yenyewe. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limemkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa au nyumba ya kupangisha. Kuku hawakutajwa. Lakini mtu aliyeuza trei 20 kwa wiki alikuwa na kipato cha pili, na kila mmoja alijua. Kufikia Azimio la Zanzibar la 1991, chama tawala kililegeza masharti ya uongozi ambayo maisha ya wanachama wake yalikuwa yameyapita zamani. Kuna kejeli hapa isiyosemwa vya kutosha. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi ilikuwa ikiwakamata mjini wasio na ajira na kuwarudisha mashambani, huku wenye ajira wakileta shamba uani. Mzururaji alikuwa yule asiye na kitambulisho cha kazi, hata kama hakuwa na kuku hata mmoja. Mfugaji alikuwa na kitambulisho mfukoni.

Pingamizi la kwanza linaweza kuja hapa. Huo, mtu atasema, ni ushahidi wa Dar es Salaam, na Morogoro si Dar es Salaam. Ni kweli, na miji hiyo miwili haifanani. Lakini tuna kazi ya Malongo Mlozi wa Sokoine, ambaye kwa miaka mingi amechunguza kilimo na ufugaji wa mijini nchini. Alichokuta Dar es Salaam ni kwamba wafugaji wengi walikuwa watu wenye elimu na kipato, kinyume na picha ya fukara anayehangaika na tetea wawili. Yeye na wenzake Dick Foeken na Michael Sofer wakaigeukia Morogoro na Mbeya, na ripoti yao iliyochapishwa mwaka 2004 inaonesha shughuli hizi zikiwa zimeenea katika matabaka yote ya miji hiyo. Naisoma tofauti hiyo kama suala la wakati kuliko suala la mahali. Kufikia miaka ya 2000 banda lilikuwa limeshashuka kutoka kwa mwenye mshahara hadi kwa asiye nao. Kinachohitaji maelezo ni namna lilivyoshuka.

Sehemu ya jibu ni kufungwa kwa viwanda. Viwanda vya Morogoro vilidhoofika, vingine vikafungwa, vingine vikabinafsishwa na kupunguza watu, na mwisho wa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 maelfu ya kaya zilibaki na uani bila bahasha. Wakati huo huo mfumo wa serikali wa kuku wa kisasa ulikuwa umekwama kwa sababu ile ile iliyokwamisha viatu: kuku wazazi, viini vya chakula na dawa vilitaka dola. Layasi asiyepata chakula kamili hatagi, na broila aliyecheleweshwa wiki mbili anakula faida yote. Kuku wa kienyeji hakuwa na masharti hayo. Alivumilia pumba tupu, makombo na wadudu wa shimo la taka, na aliuzwa kwa bei nzuri kuliko wa kisasa, kwa kuwa mlaji wa mjini alishaamua kwamba nyama yake ni tamu. Basi kaya zilizokosa mshahara zikachukua banda lililoachwa na mwenye mshahara na kuweka ndani yake kuku wa kijijini. Hapa mwenye maelezo ya kale atapiga makofi: umeona, kijiji kimerudi! Sivyo. Kuku alikuwa wa kijijini, ufugaji haukuwa. Alifungiwa kutwa au nusu ya siku kwa sababu uani ni wa wapangaji sita, si wa ukoo mmoja. Alifungwa kitambaa cha rangi mguuni ili ijulikane ni wa mama mwenye nyumba au wa chumba cha pili. Pumba zake zilinunuliwa mashineni kwa debe. Ndoa ya mbegu ya Uluguru na hesabu ya mjini haikuwahi kutokea mlimani.

Sehemu ya pili ya jibu ni ya kisayansi, na hapa Morogoro ina haki ya kujivuna kidogo. Adui mkubwa wa kuku wa kienyeji ni mdondo, wengine wanauita kideri, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na ambao unaweza kuua karibu kundi lote ndani ya siku chache. Kwa kawaida hushika kiangazi. Kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda, miguu inakataa. Chanjo zilikuwapo, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba makubwa: chupa ya dozi 1,000, ya kutunzwa kwenye barafu tangu kiwandani hadi bandani, ikifunguliwa itumike siku hiyo hiyo. Mwenye kuku 12 angefanya nini na dozi 988 zilizobaki, bila jokofu? Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilikusudiwa kuondoa kikwazo hicho. Mbegu yake ilitolewa bila malipo kwa nchi zilizoitaka, Tanzania ikaanza kuitengeneza katika maabara ya mifugo ya Temeke, na inastahimili joto kiasi cha kukaa wiki kadhaa nje ya jokofu ikiwa haijachanganywa. Dozi ni tone moja jichoni. Unamlaza kuku ubavu, unamshika kichwa, unadondosha, unangoja apepese jicho, unamwachia. Mtoto wa darasa la tano anaweza, na mara nyingi ndiye anayefanya. Baada ya miezi mitatu au minne unarudia.

Wakati huo huo watafiti wa Sokoine, kina Uswege Minga, Peter Msoffe na wenzao, wakishirikiana na Wadenmark, walikuwa wakimtazama kuku wa kienyeji kama mnyama mwenye sifa zake, si kasoro ya kusahihishwa. Makala yao ya mwaka 2001 iliwapambanua kuku kwa makundi ambayo wafugaji wenyewe waliyajua: kuchi, singamagazi, ching'wekwe mfupi wa miguu, na yule waliyempa jina la mkoa, Morogoro wa wastani, wakapima maumbile yao na namna miili yao inavyopambana na magonjwa. Waingereza walimleta jogoo mwekundu ili kumfuta kuku huyu. Miaka 50 baadaye maabara ya Morogoro ikamwandikia sifa zake.

Wapo watakaosema natia chumvi katika mchango wa chuo. Utafiti mwingi, watasema, hubaki makabatini, na mama wa Mafiga anajifunza kwa jirani. Nakubali kwamba hajifunzi kwa kusoma makala. Ila jirani naye alijifunza kwa nani? Katika mji wenye kitivo cha tiba ya mifugo, mhudumu wa maabara ni mpangaji wa mtu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anakula kwa mama lishe, na mhitimu asiyepata ajira serikalini anafungua duka la dawa za mifugo barabarani. Maarifa yalipita katika nyumba za kupanga zaidi kuliko katika semina. Hilo nalo ni jambo la mshahara: aliyelipwa na chuo kusafisha mabanda asubuhi alikwenda nyumbani jioni na ujuzi ambao haukukatwa kodi.

Swali ambalo wanaoandika juu ya ufugaji wa mijini hulipita haraka mno ni kwa nini kuku, si mnyama mwingine. Morogoro haikukosa wanyama wa kujaribu. Mwaka 1988 mbuzi wa maziwa wa Norway walipelekwa Mgeta, juu milimani, kwa ushirikiano wa Sokoine na Wanorway, na wakakubali, kwa kuwa kuna baridi na majani. Mazimbu, katika shamba la zamani la mkonge ambalo Tanzania iliwapa wakimbizi wa ANC mwaka 1977, shule ya Solomon Mahlangu ilijilisha kwa shamba lake lenye ng'ombe, nguruwe na kuku, hadi Waafrika Kusini walipolikabidhi eneo hilo mwaka 1992 na kurudi kwao. Sungura wapo. Hata panya buku, tangu mwaka 2000, wanafugwa Sokoine na shirika la APOPO wakifundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, jambo ambalo pengine ndilo limeipa Morogoro sifa kubwa zaidi duniani katika habari za wanyama wadogo. Lakini mbuzi anataka majani ambayo uani hauna. Sungura anakosa mnunuzi. Nguruwe anakua upesi na anakula chochote, na kwa hesabu tupu angemshinda kuku, ila mtaa wa mjini ni wa Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kukumbushwa kwamba banda la nguruwe uani ni suala la ujirani kabla halijawa la biashara. Kuku anapita milango yote. Muislamu akimchinja, wote wanakula, kwenye Idi, Krismasi, maulidi na kipaimara. Anatosha sufuria moja, kwa hiyo hahitaji jokofu wala bucha. Na anauzika siku ile ile ada ya shule inapodaiwa, jambo ambalo mshahara wa serikali haukuwahi kuliweza.

Pingamizi zito zaidi ni la afya na sheria. Mji ni watu wengi mahali padogo, kinyesi cha kuku kina salmonela, mafua ya ndege ni hatari ya kweli, majogoo hawaheshimu usingizi wa mtu, na harufu ya banda lenye maranda mabichi wakati wa masika haihitaji shahidi. Siipuuzi hoja hii. Ila historia inaonesha kwamba sheria zenyewe hazikumlenga kuku. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliutambua ufugaji wa mjini na kuuwekea mipaka, maarufu ukiwa ule wa ng'ombe wasiozidi wanne, wafungiwe bandani. Wasiwasi wa miji ulikuwa juu ya mnyama anayezurura, anayekula maua ya bustani ya halmashauri na kuchafua vyanzo vya maji. Wasiwasi huo una maana ya pekee Mafiga, kwa kuwa hapo ndipo lilipo chujio la maji yanayotoka bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980, na kila kinachooshwa na mvua katika bonde la Ngerengere, mbolea, udongo na samadi, kinaishia kuwa kazi ya chujio hilo. Lakini sehemu kubwa ya mzigo huo inatoka kwenye mashamba na malisho ya juu ya bwawa. Samadi ya banda la uani huuzwa kwa mwenye bustani ya mchicha kabla haijafika mtoni, maana ina bei. Na kufukuza kuku kusingewamaliza, kungewafanya wafichwe, na kuku aliyefichwa hachanjwi.

Miaka 20 iliyopita imelirudisha banda karibu na mlango lilikoingilia. Mwaka 2006, kwa hofu ya mafua ya ndege, Tanzania ilizuia kuku na vifaranga kutoka nje. Oktoba 2017 mamlaka ziliteketeza Namanga vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya, tukio lililozua kelele pande zote mbili za mpaka. Katikati ya hayo vikaibuka vituo vya ndani vya kutotolesha, na aina mpya zikapata soko, Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa, ambao hula kama wa kienyeji na kukua karibu kama wa kisasa. Mtu anawaita chotara, anawanunua wakiwa na mwezi mmoja wakiwa wameshachanjwa, analipa kwa simu. Chips kuku nazo, pamoja na send-off, harusi na vikao vya kamati, zimempa broila mnunuzi wa uhakika kila Jumamosi. Kwa mara nyingine banda linataka mtaji wa kuanzia, na kwa mara nyingine wanaolianzisha ni watu wenye kipato kingine: mwalimu, dereva wa bodaboda mwenye pikipiki yake, mtumishi aliyekopa kwenye SACCOS akidhaminiwa na mshahara. Yule mama wa kuku 12 wenye vitambaa miguuni bado yupo, lakini anasukumwa pembeni kimya kimya, kwa kuwa uani umepunguzwa na vyumba vipya vya kupangisha, na kodi ya chumba inashinda mayai.

Kinachomlinda bado ni lile tone la jichoni, nalo lina sharti moja ambalo kijiji hakikuwahi kuwa nalo na mji haujalizoea. Chupa ikishachanganywa inatosha mtaa mzima, na chanjo haina faida kubwa kama kuku wa jirani hawakuchanjwa wiki ile ile, kwa sababu mdondo hauulizi ukuta. Serikali ya mtaa inajua kukusanya watu: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, na mwenyekiti hupita kuhakikisha mifereji imezibuliwa. Siku ya chanjo, mara tatu kwa mwaka, ingegharimu kila kaya kiasi kidogo kuliko bei ya yai moja kwa kila kuku. Haimo katika ratiba ya mtaa kwa sababu ile ile iliyotajwa mwanzoni: wanaopanga ratiba wanaamini kuku ni wageni waliotoka kijijini na watarudi huko.